Kidole Kimoja Kilichookoa Ua wa Galu

Saa moja asubuhi, jua likiwa bado changa, Mbula Kaloki amepiga magoti kando ya ua wa haibiskasi katika hoteli moja ya ufukwe wa Galu, anakofanya kazi ya kutunza bustani. Analipindua jani, analikagua upande wa chini, kisha analiachia taratibu kana kwamba analirudishia heshima yake.

Ana umri wa miaka hamsini na mbili, binti wa walowezi waliotoka Ukambani wakapata shamba Shimba Hills. Ua huo, wenye urefu wa hatua mia moja na ishirini, aliupanda kwa mikono yake miaka kumi na tisa iliyopita.

Mwezi Mei nusura ukatwe wote. Matawi yalikuwa yamejaa nyuzi nyeupe kama pamba, na meneja, Bwana Alamin, akaamua kuwa ni ukungu. Aliamuru kazi ya kuukata iishe kabla ya wageni wa Julai. Mapanga yalikwisha kunolewa. Wenzake Mbula walimsihi anyamaze asije akafutwa kazi. Yeye akaenda kumwita meneja bustanini.

“Bwana meneja, hebu gusa kwanza,” alimwambia.

Alamin akagusa kwa kidole kimoja. Ule ukungu ukaruka, ukatua begani mwake. Watunza bustani wakajiuma midomo wasicheke.

“Ukungu hauna miguu,” Mbula akasema. “Hawa ni watoto. Sisi huwaita maharusi, kwa sababu ya shela hiyo ya nta. Mama yao yule pale.”

Akamwonyesha shinani mdudu wa kijani, mdogo kuliko ukucha, mabawa yake yameinama pande mbili kama paa la kibanda. Ukimtazama kwa haraka utadhani ni chipukizi. Hunyonya utomvu, ila mti wenye afya humstahimili.

Meneja aliuliza ni nani aliyemfunza hayo.

“Magoti yangu,” akajibu.

Mapanga yakarudishwa stoo. Ua ukaoshwa kwa maji tu, siku kumi mfululizo, na Julai ukachanua mwekundu toka mwanzo hadi mwisho.

Maarifa hayahitaji cheti ili yawe kweli. Wakubwa ndio wanaokihitaji ili wayasadiki. Mbula analifahamu hilo. Desemba atafanya mtihani wa serikali wa ufundi wa bustani, na kila jioni bintiye, Mwelu, humsikiliza akidurusu.

“Sitaki tena kumbembeleza mtu aguse,” anasema. “Nataka nikisema ua usikatwe, usikatwe.”