Kibanja Nilichokiendea Hamburg

Mdogo wangu alinitembeza Ujerumani mpaka nikaanza kuichukia miguu yake. Asubuhi chai haijashuka vizuri tumboni, yeye tayari amevaa koti, amesimama mlangoni na simu mkononi, ananiambia leo tunakwenda kuona bandari, kesho mnara, keshokutwa kanisa lililoungua wakati wa vita likaachwa hivyo hivyo makusudi. Nikamwambia kijijini kwetu Kaagya kanisa likiungua tunachanga tunaezeka. Akacheka, akanisukumia ndani ya lifti.

Mimi sikwenda kule kuona minara. Kina mama wa Nyanga ninaowauzia ndizi walidhani hivyo, na niliwaacha wadhani, maana safari ya ndege ina heshima zake. Lakini mwenzenu nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni kibanja cha baba.

Nieleze mapema, nisije nikaonekana mtu wa ajabu huko mbele. Baba aliacha kibanja Kaagya: migomba, mibuni, nyumba ya bati, na makaburi ya babu na bibi nyuma ya nyumba. Ndoa yangu ya Ijumbi, kule Muleba, iliponishinda, nilirudi hapo. Baba hakuniuliza swali hata moja, alinionyesha chumba, na asubuhi yake akanipa jembe. Tangu siku hiyo kibanja kile nimekilea mimi. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia, ni mimi niliyekata migomba iliyougua na kuifukia, huku machozi yananitoka, maana mingine ilikuwa na mikungu inayokaribia kukomaa. Baba alipolala kitandani asiweze kuinuka, ni mimi niliyemlisha. Lakini kwa desturi yetu Wahaya, binti hana kibanja. Kibanja ni cha musika, yaani mrithi mkuu, na baba alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, huyu mdogo wangu wa Hamburg, dereva wa basi, asiye na mke wala mtoto, aliyeondoka nyumbani kijana na kurudi akiwa mgeni kila alipokuja.

Msibani alikuja. Alitupa udongo wake, akalia mpaka tukamshika, halafu akapanda ndege kabla ukoo haujakaa kumsimika kuwa mrithi. Basi baba mdogo, ndugu yake baba, akaanza kuuliza: mrithi anarudi au harudi? Kibanja hakikai bila mwenyewe. Kama harudi, achukue mwanawe yeye. Huyo binamu alishafika siku moja, akazunguka mipaka yote akihesabu mibuni kwa kidole. Mimi nilikuwa napalilia. Alinisalimu vizuri tu, akaniuliza nikihama nitakwenda kuishi wapi.

Baba mdogo si mtu mbaya, nimtendee haki. Nilipokwenda kwake nikiwa nimevimba kwa hasira, alinisikiliza, akasema mrithi mwenyewe akitamka kwa kinywa chake kwamba kibanja amenipa mimi, ukoo utasikia. Akasema atamke yeye, si mimi kumsemea. Hapo ndipo mdogo wangu, bila kujua lolote, akapiga simu kunialika nikapumzike kwake baada ya taabu za msiba. Nikaona Mungu amefungua mlango.

Shida ilikuwa kuomba. Mwanamume akidai kibanja anaitwa mrithi, mwanamke akikitamani tu anaitwa mwenye tamaa. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Kwa hiyo nilipanga nisiombe. Nitamletea senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu, nitamletea kahawa ya kutafuna, tutakaa tutafune kama watu, mazungumzo yatakwenda yenyewe mpaka shambani, naye ataona aibu, atasema: dada, kichukue. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na kila nikikumbuka najicheka.

Senene aliwala wima, jikoni, amefunga madirisha ili harufu isiwafikie majirani. Nikasema migomba mwaka huu imezaa vizuri. Akasema ni jambo jema. Nikasema nyumba imeanza kuvuja upande wa sebuleni, nayo inahitaji mtu wa kuamua. Akanawa mikono, akafuta kila kidole, akaniambia kesho tunapanda boti.

Kwenye boti nilijaribu tena. Kulikuwa na mzee mwenye kipaza sauti anayeeleza meli moja baada ya nyingine, na mdogo wangu, ambaye siku zote ni mvivu wa kutafsiri, siku ile alinitafsiria kila neno. Hii inatoka China, ile inabeba magari, lile jengo lilikuwa ghala la kahawa. Niliposikia kahawa nikaona upenyo, nikasema hata mibuni ya baba. Akanishika bega akaniomba nigeuke, anipige picha jua lisije likapotea. Picha hizo ninazo. Katika zote nina sura ya mtu anayesubiri majibu ya vipimo hospitalini, na nyuma yangu kuna kitu kikubwa cha kupendeza ambacho sikukitazama.

Ikawa hivyo kila siku. Tulikwenda kwenye njia inayopita chini ya mto, mimi nikiwaza maji yote yale juu ya kichwa changu na kibanja changu kikiwa mikononi mwa mtu asiyetaka kuongea. Tulikwenda sokoni, tukaenda kuona treni za kuchezea. Nyumbani kwake nilishindwa kukaa. Nilikuwa nafagia mahali palipofagiliwa, nafungua friji nafunga, nasimama dirishani natazama watu wanavyotembea kule chini kama wamefiwa wote siku moja. Roho ilikuwa juu juu. Siku zangu zilikuwa zinakwisha, na mtu niliyemfuata nilikuwa naye mchana kutwa na simpati. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waitu, ndugu zangu, kama angenipa jembe ningemshukuru, labda mikono ingetulia.

Mwisho akanipeleka Berlin. Alisema siwezi kufika Ujerumani nikaondoka bila kuiona. Nilipanda treni nimekasirika, na mvua ya Berlin ikanikasirisha zaidi, mvua nyembamba isiyo na adabu, haikupigi wala haikuachi. Tuliona lango, tukaona ukuta, tukalowa. Akaona natetemeka, akasema kuna bustani ya mimea yenye nyumba kubwa ya vioo, mle ndani kuna joto.

Kweli kulikuwa na joto. Miwani ikaingia ukungu, nikaivua, nikabaki nanusa: udongo mbichi, majani yanayooza, unyevu. Nilisikia mwili wote unalegea. Nilipoivaa tena nikaona mgomba mbele yangu. Si picha, mgomba wenyewe, mrefu, nyuma ya kamba fupi, na kibao chenye jina lake la kitaalamu.

Ulikuwa umetunzwa vibaya. Sisemi kwa kujigamba, ndivyo nilivyouona kwa macho ya kwetu. Majani makavu yananing'inia mpaka chini, na machipukizi yamejazana kwenye shina la mama yao, yote yanagombea chakula, hakuna aliyechagua lipi libaki. Nilisimama nikauangalia. Halafu, sijui nieleze vipi, nikavuka kamba. Sikuamua. Miguu iliyokuwa inawasha siku zote zile ilikwenda yenyewe, na mikono ikaanza kazi: nikavuta jani kavu la kwanza, la pili, nikayakunja nikayalaza kwenye shina kama matandazo. Nikainama nikashika chipukizi dogo la pembeni, lililodumaa, nikaling'oa. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke ndege nilikuwa na raha.

Mama mmoja mwenye sare alikuja mbio. Alisema maneno mengi, na sikuhitaji tafsiri. Nikatoka kwenye udongo kama mbuzi aliyekutwa kwenye mahindi ya watu, chipukizi bado mkononi, watoto wa shule wananitazama. Mdogo wangu alizungumza naye kwa upole, kwa muda mrefu. Yule mama alilichukua chipukizi lake, akatikisa kichwa, akatuonyesha kamba, kisha akaonyesha macho yake, kwamba anatuona. Alikuwa na haki yake.

Tukakaa kwenye benchi. Nikamwuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia dada yangu ana kibanja cha migomba kwao, mikono yake imezoea."

Nikamgeukia. "Dada yako ana nini?"

Akaanza kuitafuta simu mfukoni, nikajua sasa inakuja sehemu nyingine ya kuona. Nikamshika mkono, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikimshika utotoni tukivuka barabara ya Nyanga.

"Mzungu umemwambia ni changu," nikasema. "Baba mdogo unashindwa nini kumwambia? Nakiomba kibanja. Haya, nimeomba. Niite mwenye tamaa."

Lilikuwa limetoka. Uso ulikuwa unaniwaka na sikujua kama ni joto la mle ndani. Niliendelea, maana nilikuwa siwezi tena kusimama: nikamweleza binamu na kidole chake, na baba mdogo anayesubiri kauli yake yeye, la sivyo binamu achukue, nikamweleza mnyauko, nikamweleza baba alivyokuwa akiuliza kila gari lililopita barabarani kama ni mwanawe amekuja. Hilo la mwisho sikuwa nimekusudia kulisema. Aliinamisha kichwa.

Akasema alijua nilichofuata tangu siku niliposhuka ndege. Aliniona tu nilivyolishika lile furushi la senene, akajua nimetumwa au nimejituma. Ndiyo maana akawa ananitembeza. Aliomba Mungu siku ziishe kabla sijafungua mdomo.

"Nikikupa, mimi nitakuwa mtu wa wapi?" akasema. "Hapa kila siku naulizwa natoka wapi. Abiria wananiuliza, jirani ananiuliza, na nimekaa miaka yote hii. Nawajibu nina kibanja Kaagya. Sina jibu lingine, dada."

Nilitaka kumhurumia, na nilimhurumia, lakini hasira ilikuwa imetangulia. Nikamwambia yeye ana nyumba ya kulala hapa na anataka kibanja cha kujibia watu maswali. Mimi nikiulizwa natoka wapi nitaonyesha nini, sugu za jembe mikononi? Nikasimama nikaondoka, nikapita minazi na mianzi na maua nisiyoyajua, nikatoka nje kwenye mvua bila kofia. Alinifuata kwa nyuma. Kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa akikimbizana na miguu yangu.

Hatukusemezana mpaka stesheni. Treni ya kurudi Hamburg ilikuwa imechelewa, tukasimama kwenye ubaridi na watu wenye masanduku. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhama kichwani. Nilikuwa nahesabu nitabeba nini: sufuria zangu, kitanda, mashine ya kushonea, na kuku nitamwachia nani. Nilikuwa najiuliza kama binamu ataniruhusu kuja kusafisha kaburi la baba Jumamosi ya Pasaka au itabidi niombe ruhusa. Moyo uliniuma kiasi kwamba nilikaa juu ya begi langu kama mtoto.

Nikasikia mtu anasalimiana kwa Kihaya. Nilidhani masikio yananidanganya. Ni mdogo wangu, amesimama hatua chache kutoka kwangu, simu ameishika mbele ya mdomo, na sauti ya baba mdogo inatoka humo, nzito, anauliza habari za baridi, habari za kazi, habari zangu mimi. Wakamaliza salamu zote, hakuna iliyorukwa. Mdogo wangu akanikazia macho, akasema kwa sauti, kama anayesoma somo kanisani:

"Baba, kibanja cha marehemu nimempa dada."

Nilisikia jogoo wa baba mdogo, nikasikia mtu anatwanga.

"Umempa," baba mdogo akauliza, "au umemwachia akulindie?"

"Nimempa. Ni chake."

Nilisimama. Baba mdogo alikohoa, akasema amesikia, atawaita wengine awaambie, na mwanawe atamwambia yeye mwenyewe leo leo. Hakugomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikaanza kulia pale pale mbele ya Wajerumani.

Kisha baba mdogo akasema kuna neno moja limebaki. Alilisema kwa upole kabisa, bila kumkomoa, kama mzazi anayetaka kujua mtoto atafikaje nyumbani.

"Mtu huzikwa kwenye chake, mwanangu. Wewe sasa ukifa, tukuzike wapi?"

Mdogo wangu alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Treni ilikuwa inaingia, watu wanatusukuma, na yeye, mtu aliyenitafsiria meli zote za Hamburg, amesimama ameishika ile simu mbele ya mdomo. Nikaichukua mkononi mwake.

"Kwangu, Baba Mdogo," nikasema. "Atazikwa kwangu."