Mama, Usizime Stima

Kilichonitisha kwanza siku ile hakikuwa radi. Ilikuwa sentensi moja kwenye skrini, iliyoniambia kwamba data yangu ilihifadhiwa na toleo la zamani la programu na kwamba toleo nililo nalo haliwezi kuisoma. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama, huku Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Dada yangu alikuwa hospitalini Kisumu na binti yake mwenye selimundu, homa imepanda, kifua kimebana. Wodini kulikuwa na sindano mbili tu za kumfaa. Mwaka uliotangulia, sindano ya namna hiyo ilimvimbisha koo hapa zahanati ya kwetu, nusura afe, na dada hakukumbuka ilikuwa ipi. Kadi ya mtoto ilioza siku maji ya ziwa yalipoingia nyumbani kwake. Daktari alisema hawezi kubahatisha, na hawezi kungoja sana.

Jina la sindano lilikuwa kwenye kompyuta ya zahanati, nayo ilikuwa imekufa wiki hiyohiyo. Mimi ndiye fundi wao, wa kuitwa mambo yakiharibika. Nilikuwa nimechomoa diski na kunakili hifadhidata nzima kwenye laptopu yangu, nikajiona mjanja sana. Ujanja wangu ulifika mwisho mbele ya sentensi ile.

Programu yenyewe, ile inayosoma hifadhidata, ni huria, yeyote anaweza kuichukua bure. Lakini lile toleo la zamani halikupatikana tena likiwa tayari kutumika kwenye laptopu kama yangu. Kilichobaki mtandaoni ni msimbo wake, maandishi yaliyoandikwa na watengenezaji, ambayo lazima uyajenge mwenyewe yawe programu. Ni kama kuomba unga ukapewa mahindi. Mimi sikuwahi kusaga. Chuoni tulifundishwa kutumia programu, na nilipomaliza nikadhani nimejua kompyuta.

Nikaanza. Amri ya kwanza inakagua kama mashine ina vifaa vyote vya kazi. Yangu haikuwa hata na kikusanyi, ile programu inayogeuza msimbo uwe kitu cha kutumika. Nikakipakua kwa bando la simu. Nikajaribu tena, ikadai maktaba fulani, msimbo wa kuisaidia, ambayo sijawahi kuisikia. Nikaipakua. Ikadai nyingine. Kila mara ilikataa kwa upole, na upole ule ulinitia uchungu kuliko matusi. Nikaandika amri visivyo, nikafuta, nikaandika upya. Dada akapiga simu.

“Umeipata?”

“Bado kidogo.”

“Kidogo ni nini? Mtoto anapumua vibaya, unaniambia kidogo?”

Nilikuwa nanong'ona kwa sababu mama alikuwa jikoni na hakujua lolote. Kwetu mama mwenye presha haambiwi kwamba mjukuu yuko wodini. Ataambiwa mtoto akishapona, au ataona mwenyewe watu wakileta viti vya matanga. Shuleni tulikariri kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, tukapata alama zetu, tukarudi nyumbani kuficha.

Hatimaye ukaguzi ukapita. Nikatoa amri ya kujenga, na mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, faili moja baada ya nyingine. Laptopu yangu ni ya mitumba na betri yake ilikufa zamani. Bila waya wa ukutani inazimika papo hapo. Nikatazama nje. Upande wa ziwa kulikuwa kumekuwa kweusi, na upepo ulikuwa umeanza kubeba mabati ya jirani.

Mama akaingia na leso, akafunika kioo cha kabati. Hivyo ndivyo alivyofanya siku zote mawingu yakifika: kioo kinafunikwa, kitambaa chekundu cha meza kinaondolewa, swichi kuu inashushwa, na sisi tunakaa kimya mbali na dirisha. Hatukumcheka. Radi ilimuua mdogo wake shambani, jembe mkononi, naye mama alikuwa hatua chache nyuma yake akibeba mbegu.

Ngurumo ya kwanza ikatikisa vikombe kabatini. Mama akaenda kwenye boksi la stima mlangoni, akainua mkono.

“Mama, usizime!”

“Wewe, unataka tuchomeke? Toa hiyo kitu kwa ukuta.”

“Mama, tafadhali. Kuna kazi inaendelea. Ikikatika sasa sijui kama itarudi.”

“Kazi gani inapita maisha? Nyathina, mwanangu, toa.”

Kidole chake kilikuwa kimegusa swichi. Niliogopa radi, niliogopa presha yake, lakini niliogopa zaidi kwamba kule Kisumu mtu angechoka kungoja na kuchagua mojawapo ya zile sindano. Nikasema yote kwa pumzi moja: mtoto yuko wodini, dawa moja inaweza kumuua, jina lake liko humu ndani.

Mama hakupiga kelele. Alishusha mkono. Akavuta kiti, akakiweka kando yangu, karibu na waya, akakaa. Umeme wa radi ukamulika chumba chote, nikamsikia akimwita Nyasaye, Mungu wake, kwa sauti ndogo. Mistari iliendelea kupanda. Taa ikafifia mara moja, ikarudi. Sijawahi kuogopa vile tangu nizaliwe.

Mstari wa mwisho ukasema kila kitu kimejengwa. Nikaisakinisha, nikaiwasha juu ya ile data. Ikakataa! Folda ya data iko wazi kwa kila mtu, ikasema, haiwezi kuwaka hivyo. Nusura nilie. Nikaifunga folda kwa wengine wote, nikaiwasha tena, nikaandika jina la mtoto.

Alikuwepo. Tarehe, uzito, homa, na kwenye safu ya mwisho jina la sindano na maneno “asipewe tena”. Nikampigia dada, akampa daktari simu, nikamsomea.

“Soma tena, polepole,” akasema. Nikasoma tena, herufi kwa herufi. “Hiyo ndiyo niko nayo mkononi,” akasema. “Nilikuwa nimeamua. Tutampa ile ingine.”

Nilikata simu. Mama alikuwa amesikia kila neno. Aliinuka, akaenda mlangoni, akashusha swichi kuu, na laptopu ikazimika. Kisha akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu.

“Na mimi mlikuwa mniambie lini?” akauliza. “Mkishachimba kaburi?”

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati kwa nguvu, nami nikachomoa waya wa laptopu ukutani.