Kwani Fuko Anaishi Juu?

Nilisoma masomo ya jioni pale katikati ya mji muda mrefu hivi kwamba mlinzi wa lango alistaafu akaniacha darasani. Nikatoka na cheti na kazi ambayo kwetu hakuna aliyeielewa: naiambia kompyuta mvua imenyesha kiasi gani, udongo una tabaka gani, na dawa gani ya wadudu imepulizwa shambani. Nayo inaniambia dawa hiyo itazama hadi wapi, na itayafikia lini maji ya chini.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa shamba la baba, kale kakipande kalikobaki kwetu mtaani Satellite: mistari ya sukuma wiki na kisima alichokichimba kwa mikono yake. Kompyuta ikasema miaka mingi. Mimi nikamwambia, "Baba, hata wajukuu wa wajukuu wako watakunywa hapa." Udongo wetu mwekundu, nikasema, unashika dawa kuliko mama mkwe anavyoshika kinyongo.

Akawatangazia majirani wote.

Jumamosi moja mwaka huu nilimkuta amepiga magoti katikati ya sukuma, ameinamisha chupa ya dawa kwenye shimo la fuko.

"Sasa, daktari wa matope," akasema bila kugeuka. "Huyu mjinga amemaliza mizizi ya laini nzima. Leo atanitambua."

"Baba, si uliniambia unapuliza juu ya majani?"

"Hiyo ni ya wadudu. Hii ni ya fuko. Kwani fuko anaishi juu?"

"Umeanza lini kumwaga humo?"

"Kitambo. Lakini siku hizi namwaga bila wasiwasi. Si ulisema wajukuu wa wajukuu?"

Shimo lilikuwa hatua nne kutoka kisimani. Nilianza kuyahesabu mengine, nikaacha.

Nikafungua laptopu kwenye meza ya jikoni. Kwenye hesabu nikaitoa dawa juu ya majani, nikaiweka kule mashimo ya fuko yanakoishia, chini ya udongo wote niliokuwa nimeusifu. Hesabu ambayo kwa kawaida hunipa nafasi ya vikombe viwili vya chai iliisha kabla sijakaa vizuri. Mstari mwekundu wa dawa ulikuwa umeshayafikia maji, na tarehe yake ilikuwa ya nyuma. Nilitafuta hofu ndani yangu, nikatafuta aibu. Nilichogundua ni kwamba kiti kina mguu mmoja mfupi.

Baba akaingia, akawasha jiko.

"Inasema nini?"

"Imefika."

"Nani?"

"Dawa. Iko kisimani tangu kabla sijahitimu. Tutapeleka maji yapimwe, lakini usiyanywe tena."

"Na wajukuu?"

"Hao niliongeza mimi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa. Kisha, kwa mazoea, "Nikuwekee chai?"

Akafunua ndoo ya maji ya kisima. Kata ikabaki hewani. Tukayatazama yale maji. Yalikuwa safi, ungesoma gazeti kupitia ndoo nzima. Akarudisha kifuniko, nami nikaenda kuzima jiko.