Ndege ya Mota Nne Juu ya Majaruba ya Mama

Mota moja ingetosha. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani. Kwa ndege ya povu isiyofika kilo mbili, iliyokusudiwa kufukuza kweleakwelea kwenye mpunga wa mama yangu, mota moja puani ingefanya kazi yote. Mimi nikafunga nne, mbili kila bawa, kwa sababu nilikuwa nimeona video ya ndege ya namna hiyo kwenye simu na nikapenda jinsi inavyojivuna.

Mimi ni fundi wa televisheni na simu, Katoro. Pale mtu yeyote anayeshika bisibisi huitwa injinia, nami sijawahi kumsahihisha mteja hata mmoja. Nyumbani kwetu ni Shinyanga vijijini, si mbali na machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, na huko ndiko mama analima majaruba yake. Mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka mzima, na ndio heshima yake pia, maana hajawahi kwenda kwa jirani na debe tupu. Kila unapoanza kukomaa, kweleakwelea hushuka kwa maelfu. Asipokuwepo mtu shambani tangu alfajiri mpaka jua lizame, kinachobaki ni mabua. Mama hupanda kwenye kichanja cha miti katikati ya shamba, akapiga debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Msimu uliopita goti lilimlaza siku nne tu, na ndege wakala nusu ya shamba.

Mwaka huu akanipigia simu akasema, "Njoo unisaidie kuwinga ndege. Wiki mbili tu." Mtoto mwenye akili timamu angejibu, "Nakuja, Mayu." Mimi nilijibu kwamba mambo ya kupiga debe yamepitwa na wakati, na kwamba nitakuja na mtambo.

Mabawa niliyatengeneza kwa lile povu gumu jeupe linalozunguka televisheni mpya ndani ya boksi. Kibandani kwangu limejaa mpaka darini. Nililikata kwa kisu cha moto, nikaliunga kwa gundi, na ndani ya kila bawa nikapenyeza vijiti vya mishikaki liwe na uti wa mgongo. Mpaka hapo nilikuwa salama, maana hakukuwa na umeme.

Kisha ukaja umeme, ambao ndio kazi yangu, na ambao nilidhani hauna cha kunificha. Kila mota ina kidude chake cha kudhibiti mwendo, na kila kidude kina waya mwekundu unaopeleka umeme kwenye kipokezi cha rimoti. Ukiwa na vidude vinne, unaacha waya mwekundu mmoja tu na kuichomoa mitatu, visije vikagombana. Maelezo yalisema hivyo, kwa herufi kubwa. Sikuyasoma, kwa sababu nina miaka kumi na saba katika ufundi. Kipokezi kilitoa moshi mdogo mweupe, nikaagiza kingine, na mteja aliyekuwa amekaa pale nikamwambia nilikuwa naijaribu fyuzi.

Jaribio la pili nililifanyia uani. Propela za bawa la kulia zilivuta mbele, na za kushoto, ambazo nilizifunga nyuma mbele, zikasukuma nyuma. Ndege ikazunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa, ikanichana muundi, ikaingia kwenye shuka la mke wangu lililokuwa kambani. Mke wangu alitoka akatazama damu, akatazama shuka, akauliza kama kweleakwelea wa kwetu huwa wanakuja kwa miguu. Nikageuza propela, nikafunga jeraha, na kesho yake nikapanda basi la kupitia Kahama, mabawa yakiwa yamefungwa kwenye kitenge.

Mama alinipokea kwa furaha. Aliitazama ndege kwa muda mrefu, akaishika bawa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kifaranga, akaniuliza inakula nini. Nikamwambia betri. Inashiba muda gani? Nikamwambia dakika nane. Akahesabu betri zangu, zilikuwa tatu, akatazama jua linakochomoza na linakozama. Wakati ule nilidhani ni mshangao.

Asubuhi ya kwanza ndege wa kweli walishuka, nami nikarusha ya kwangu. Na iliruka! Sitaki utani uifunike sehemu hii. Mota nne zililia pamoja, povu la televisheni likapanda juu ya mpunga wa mama yangu, na kweleakwelea wakainuka kama vumbi linalopigwa na upepo, wakaenda zao. Mama alikuwa juu ya kichanja anacheka na kupiga vigelegele. Nilifurahi kiasi kwamba macho yalilowa, na mtu anayeongoza ndege kwa rimoti hapaswi kulowa macho.

Tatizo ni kwamba kukata kona sikujua vizuri. Nilichoweza ni kwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa shamba, kugeuza kwa shida, na kurudi moja kwa moja, mstari kando ya mstari. Sasa, katika nchi ile ya dhahabu kila mtu anajua maana ya ndege inayokwenda mistari iliyonyooka. Ni watafiti wa dhahabu. Wazee wanakumbuka ndege za namna hiyo zilivyopita, na baada yake yakachimbwa mashimo.

Wanaume wawili wenye mabuti ya mpira walisimamisha pikipiki barabarani. Wachimbaji. Walitazama mistari yangu mitatu minne, kisha mmoja akanijia kwa adabu.

"Mwangaluka, injinia. Hii inasoma chini mita ngapi?"

Jibu lilikuwa fupi na nilikuwa nalo mdomoni: haisomi chochote, inafukuza ndege. Lakini alikuwa ameniita injinia, kwetu, mbele ya mama. Nikakunja uso nikasema, "Hayo siruhusiwi kuyazungumza."

Akainamisha kichwa kwa heshima, akarudi kwa mwenzake. Hawakuondoka.

Labda nilitaka kuwaonyesha kona kali. Ndege ilipiga pua kwenye jaruba la pembeni, lile la bondeni ambalo halikauki mapema, na propela moja ikachomoka pamoja na nati yake. Propela niliiona inaelea. Nati, kitu kidogo cha rangi ya shaba kisichofika ukucha, ilizama kwenye tope, na nyingine sikuwa nayo. Nikachomeka kijiti pale ilipoangukia nisipoteze mahali, nikakifunga kitambaa chekundu kionekane. Nikaenda nyumbani nikarudi na karai. Nikachota tope, nikalipeleka kwenye mfereji, nikatia maji, nikazungusha polepole, nikamwaga tope la juu, nikatia maji tena. Karai la tano likang'aa chini. Nikapiga kelele ya furaha, nikaibusu ile nati, nikaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Hebu soma tena aya hiyo ukiwa mchimbaji wa Mwakitolyo umesimama barabarani.

Asubuhi iliyofuata mama aliniamsha kwa kunitikisa mguu. "Watu," alisema. Nilidhani anasema ndege. Nikatoka na rimoti yangu mkononi.

Walikuwa wamesimama juu ya matuta ya majaruba, sijui hamsini, sijui sabini, kila mmoja na sururu, koleo au karai. Wenyewe wanaita rashi, pale habari inapotoka kwamba dhahabu imeonekana mahali na watu wanamiminika kabla mwenyewe hajapiga mswaki. Wengine walikuwa wamekizunguka kijiti changu chenye kitambaa chekundu wakipima kwa hatua, wagawane maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia. Mpunga ulikuwa umebakiza siku kumi tu kuvunwa. Nilimwona mama akiutazama, mikono ameifumbata tumboni, na nilijua kwamba siku ile ikipita vibaya atakula mwaka mzima kwa kuomba, na atakuwa anaomba kwa sababu yangu.

Msimamizi wao, mtu mzima mwenye buti la njano, alinisalimu vizuri. Nikamwambia hakuna dhahabu, ile ni ndege ya kufukuzia ndege. Akatabasamu. Nikaapa. Akatabasamu zaidi. Kumbe hakuna dalili ya dhahabu kubwa kuliko mtu anayeapa kwamba haipo, maana waliowahi kuipata wote walianza hivyo hivyo.

Nikaileta ndege. Nikasema, ni povu la televisheni hili, tazameni. Mmoja akasema mashine yenyewe iko ndani ya bawa. Nikavunja bawa la kwanza gotini, mbele yao. Vijiti vya mishikaki vikatoka. Nikavunja la pili. Nyuma kukasikika sauti, "Anaharibu ushahidi." Nikatoa nati mfukoni. Ikapita mikono kadhaa, mmoja akaiuma, ikarudi kwangu na swali la upole: "Na zile nyingine?" Nikairudisha mfukoni nati yenye alama za meno. Sururu ya kwanza ikaingia kwenye tuta, udongo ukamwagikia mpunga.

Ndipo debe likalia. Mama alikuwa amepanda kichanjani, na goti lile. Alipiga mpaka kila mtu akageuka. Alizungumza Kisukuma, kwa sauti ile iliyokauka, nami naandika kadiri Kiswahili kinavyoweza kubeba.

"Jamani, mnamwita huyu injinia. Mimi ndiye niliyemzaa, niulizeni mimi. Nilimtuma mnadani na hela ya ndama, akarudi na baiskeli, na baiskeli yenyewe haina mnyororo. Marehemu baba yake alikuwa na redio inasema vizuri. Huyu akaifungua aitengeneze, mpaka tunamzika mzee haijasema tena. Alichimba kisima nyuma ya nyumba yangu, nendeni mkakione, hakijawahi kutoa tone. Akaenda huko kwenu Mwakitolyo miezi minane, duara lake likajaa maji. Kisimani hakupata maji, kwenye dhahabu akayapata! Mnasema ameona dhahabu hapa? Nchi hii ingekuwa dhahabu tupu, mtu wa mwisho kuijua angekuwa huyu."

Kwanza akacheka mmoja. Kisha mwingine akasema kwa sauti, "Ni kweli, namkumbuka, duara la maji!" Kicheko kikatembea juu ya matuta kama moto kwenye majani makavu. Watatu walienda nyuma ya nyumba wakachungulia kisima, wakarudi wanafuta machozi kwa vicheko. Msimamizi wa buti la njano alimwambia mwenye sururu alirudishie lile tuta, akamwamkia mama shikamoo, akampa pole. Mimi nilipewa pole pia, kwa kupigwa begani. Walipoondoka hakukuwa na kweleakwelea hata mmoja. Kelele za watu zilikuwa zimewafukuza mpaka kijiji cha pili.

Kesho yake kweleakwelea walirudi, na hapakuwa na ndege ya mota nne wala ya mota moja. Nilipanda kichanjani mimi, tangu alfajiri. Nilipiga debe siku kumi, nikapiga kelele mpaka nikawa naongea kama chura, na mama akakaa chini kivulini na goti lake, akinielekeza kwa fimbo: kule, kule, wamekuja upande wa mfereji. Tukavuna. Lilikuwa vuno zuri.

Lakini yale maneno hayakunitoka. Kuitwa mjinga mbele ya watu sabini niliweza kuvumilia. Kilichoniuma ni jinsi ile orodha ilivyokuwa tayari, imepangwa mwaka baada ya mwaka, kama mtu aliyekaa nayo muda mrefu. Hasa redio. Sikujua kama anaikumbuka redio. Jioni ya mwisho, tukiwa tunapepeta, nikajikaza nikamuuliza.

"Mayu, yale uliyosema pale juu. Uliyatunga ili waondoke, sivyo?"

Aliendelea kupepeta. Alimaliza ungo mzima, akamimina mpunga kwenye gunia, akachota mwingine.

"Nilidanganya moja," alisema. "Kisima. Mwaka ule wa mvua nyingi, wewe ukiwa umeshakwenda zako Katoro, kilitoa maji. Ndoo mbili. Niliyachuja tope, nikayanywa yote."