Mpini wa Kata ya Dada Ester

Harufu ile ilinifikia kabla sijavuka kizingiti cha jiko. Ilikuwa ya matumbo ya mbuzi yaliyolala kwenye kopo pamoja na damu yake, yakafunikwa, halafu mtu akalegeza mfuniko ili yapate hewa. Mjukuu wangu Neema alikuwa ameliweka chini ya meza, karibu na gunia la mkaa, hapa hapa nyumbani Tunduma. Juu ya meza alitandaza vitu vyake vingine: mshipi mpya, chubwi la kuuzamisha, na samaki wa plastiki mwenye macho mekundu na ndoana tumboni, aliyemnunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Neema anafanya kazi kwa mawakala wa mizigo mpakani, na siku hizi yeye na wenzake wameshikwa na homa ya kuvua. Jumamosi wanapanda gari, wanateremka mto Momba, na jioni wanarudi wameungua jua, wamebeba visamaki vya kumlisha paka.

"Bibi, kambale anapenda hiki kuliko kila kitu," aliniambia, akiligusa kopo kwa kidole cha mguu. "Nimeona kwenye simu."

Nilivuta kigoda nikakaa, nikilitazama kopo. Ninyi mnaosoma msinicheke. Harufu hiyo mara ya mwisho niliinusa nikiwa mtoto, na mliokulia kando ya mto labda mmeshajua ninakwenda wapi.

Nilizaliwa bondeni, upande wa Msangano, na mto Momba ulipita chini ya mashamba yetu ya mtama. Mama alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo tulilelewa na bibi mzaa baba. Jina lake Bibi Namfukwe. Kwetu, kama mnavyojua, mwanamume akiwa Simfukwe, dada yake ni Namfukwe, na jina hilo mwanamke hulibeba hadi kaburini hata akiolewa mbali. Nyumbani tulikuwa baba, bibi, dada yangu Ester ambaye tayari alikuwa ameshaposwa, na mimi niliyekuwa namfuata Ester kila aendako kama mkia. Ester ndiye aliyechota maji. Asubuhi na alasiri aliteremka mtoni, akasimama juu ya jiwe pana tulilokuwa tukiliita kivuko, akainama, akachota kwa kata ya kibuyu na kujaza mtungi. Chini ya jiwe lile palikuwa na dimbwi la kina, jeusi hata jua likiwa utosini.

Sasa niwaambie habari ya chambo. Kwetu mvuvi hakujichagulia chambo, alichaguliwa na bibi. Kila aliyetaka kwenda kuvua alipitia nyuma ya jiko na kifurushi chake cha jani la mgomba. Bibi alikifungua, akakiinamia, akanusa kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Masika, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, aliwapa watu nyungunyungu wanene wa pale tulipokuwa tukiogea, akisema katika maji machafu samaki hatumii macho, anatumia pua. Kiangazi, maji yakitakata, alitaka panzi wa kijani, awe hai na arushe miguu. Kwa perege alifinyanga vidonge vya ugali wa mtama. Kumbikumbi wakiruka baada ya mvua ya kwanza alituma watoto tukawakusanye, na alijua fika kwamba nusu tungewala njiani, kwa hiyo alituma watoto wengi.

Kitu kimoja tu hakukiruhusu. Kifurushi kikiwa na utumbo wa kuku, au kipande cha nyama, au chochote chenye damu ya mnyama aliyefugwa, hakukirudisha kwa mwenyewe. Alikitupa kwenye shimo la majivu na kusema, "Damu ya nyumbani haiendi mtoni." Samaki wenyewe tuliwapasulia nyumbani, na matumbo yao tuliyafukia. Hakutueleza sababu. Mimi nilidhani ni usafi wake tu, maana alikuwa mwanamke wa kufagia uwanja hadi udongo ung'ae.

Halafu akarudi baba mdogo Jeremia. Alikuwa amekaa Kopabelti, kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, miaka mingi, akarudi na kofia, na Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba, na kijisanduku cha bati kilichojaa ndoana za chuma za kila ukubwa. Kulikuwa pia na kijiko kisicho na mpini, kinachong'aa, kilichofungwa ndoana ya mikono mitatu. Alituambia samaki akikiona hudhani ni samaki mwenzake. Siku ya kwanza alikirusha mbele ya kijiji kizima, kikazunguka hewani, kikarudi kumnasa suruali yake mwenyewe kwa nyuma. Mzee Simkoko, jirani yetu, alicheka hadi akashikilia mti. "Jeremia, umevua kubwa hilo. Lipasue tugawane."

Labda ni kicheko kile kilichomchoma. Siku ya mnada, walipochinja mbuzi, aliomba matumbo kwa wachinjaji, akayaweka na damu yake kwenye kopo, akayaacha yaive juani. Harufu ikajaa uwanjani. Bibi alitoka jikoni akasimama mbele yake.

"Mwanangu, hicho usikipeleke kivukoni."

"Mama, kule Kitwe wote wanavulia hivi."

"Kitwe sikujui. Nenda nacho chini, kule kwenye matete, pasipokanyagwa na mtu."

"Kule hakuna kina, Mama. Kambale wakubwa wako hapa chini ya jiwe. Unataka tule visamaki hadi lini?"

Bibi akageuka, akaingia ndani.

Jioni ile Jeremia alipandisha kambale ambaye mkia wake uliburuza vumbi. Kesho yake wawili. Watu wakaanza kuja nyumbani na vyungu. Mwaka ule mtama ulikuwa umeungua shambani, na nyama ilikuwa jambo la kusimuliwa. Baba ambaye hakuwa mtu wa maneno alimshika mdogo wake begani mbele ya watu. Mzee Simkoko alikula akalamba vidole, akasema hatacheka tena suruali ya mtu. Kila mnada matumbo yaliletwa, na kila mara kilichobaki kwenye kopo Jeremia alikimwaga dimbwini, ili kambale, alisema, wazoee mahali. Bibi peke yake alikula mboga za majani. Aliwaendea wakubwa mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na kila alikokwenda alikuta chungu cha samaki jikoni. Wakamsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha kula.

Ndipo alipoichukua kata ya Ester.

Ilikuwa kata ya kawaida, mpini wake haukuzidi mkono wa mtu mzima. Bibi alikata mwanzi, akaufunga kwenye ule mpini kwa kamba ya ngozi mbichi, ikakauka ikashika kama chuma. "Utachotea hii," alimwambia Ester. "Usimame nyuma ya jiwe, usikanyage ukingo." Ester alinuna. Baada ya mnada mwingine bibi aliufungua mwanzi ule, akaweka mrefu zaidi. Na baada ya mwingine tena, mrefu zaidi. Mwishowe kata ile haikuweza kuingia mlangoni bila kuilaza, na maji yalimwagika nusu kabla hayajafika mtungini.

Wasichana walimcheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Namwinga, mke wa fundi seremala tuliyemwita kaka, mwanamke kijana mwenye mwanya, aliyekuwa na mtoto mgongoni aitwaye Atu. Nilimpenda Namwinga. Hakupita bila kunipa karanga kutoka kwenye pindo la kanga yake.

"Ester, hiyo ni kata au nguzo ya kanisa?"

"Muulize bibi yangu, wifi," Ester alijibu, macho chini.

"Wakwe zako wakija watadhani unachota maji mbinguni."

Tukacheka wote, hata Ester. Namwinga akainama ukingoni kabisa, akachota kwa mikono yake, akamwosha Atu uso.

Kuna mambo niliyaona wakati ule bila kuyaona. Bata wa Mzee Simkoko walipungua, tukasema ni kicheche. Mbwa wetu Tosha aliteremka kunywa maji na hakupanda tena, tukasema amefuata jike. Perege waliokuwa wakinyofoa vidonge vya ugali kando ya jiwe waliacha kuja. Baba alipodondosha panzi hapakuwa na samaki aliyemgusa, panzi alirusha miguu juu ya maji hadi akachoka. Na vyura walinyamaza. Nilikuwa nimezoea kuwasikia kiasi kwamba kimya chao kilinifanya nijikune masikio, nikidhani yameziba.

Asubuhi moja jua lilikuwa limeshapanda. Wazazi wa mchumba wa Ester walikuwa wanatarajiwa, kwa hiyo nguo yake ilikuwa safi na nywele zimesukwa. Aliona haya kubeba kata ile, lakini bibi aliiweka mkononi mwake na kuubana mkono wake juu ya mwanzi. Tulifika kivukoni tukiwa wawili tu. Ndoana ya Jeremia ilikuwa imefungwa kwenye mzizi, na utumbo ulielea, mweupe, karibu na jiwe. Ester alisimama nyuma, akanyoosha mwanzi, kibuyu kikagusa maji.

Maji hayakuruka. Mnajua watu wakisimulia husema yalilipuka, yalichemka. Haya yaliinuka tu taratibu, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi, na kibuyu hakikuwepo. Mwanzi ulikatika kwa sauti ya kuni kavu. Niliona kitu chenye magamba na jicho moja la manjano, kisha dimbwi likajifunga, jeusi kama kawaida. Ester alibaki ameshika kipande cha mwanzi. Kutoka pale kilipokatikia hadi kwenye vidole vyake palikuwa na nafasi ya mtu kuinama, kama yeye alivyokuwa akiinama zamani.

Tulirudi nyumbani tukitembea kinyumenyume hadi mto ulipofichwa na mabua ya mtama.

Jeremia alikata mishipi yake yote siku ile. Alitupa kopo shimoni, na wanaume wakazungushia kivuko uzio wa miiba. Watu wakasema imekwisha. Bibi hakusema imekwisha. Alikaa nyuma ya jiko akikata mianzi, akamtuma Ester apeleke kata ndefu kwa kila nyumba. Wengine walizipokea, wengine walizitia kwenye kuni. Namwinga aliipokea ya kwake kwa mikono miwili na kushukuru. Lakini kata ndefu haifulii nguo. Hakukaribia tena kivuko. Siku moja alikwenda juu kidogo, kwenye jiwe dogo ambapo hakuna aliyewahi kuvulia, kufua nepi za Atu, na kwa bahati siku hiyo alikuwa amemwacha mtoto kwa mama mkwe.

Waliokwenda kumtafuta walikuta nepi zimeanikwa juu ya majani, na moja ikiwa bado na povu.

Mamba yule aliwindwa na hakupatikana. Jeremia hakurudi Kopabelti kama watu walivyotegemea. Alikaa, na kila kiangazi hadi uzeeni ndiye aliyejenga upya uzio wa miiba, kivukoni na kwenye jiwe dogo, peke yake, mikono ikivuja damu, naye akiifuta kwa majani makavu na kuyaweka mfukoni, lisianguke hata moja majini. Samaki hakula tena. Ester aliolewa Ihanda, akazaa, akazeeka, akafa kitandani mwake.

Kwa miaka mingi niliikumbuka kata ile kama kichekesho cha bibi mzee. Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe, nikichota maji mto mwingine, siku nilipoelewa kwamba kila alipoongeza mwanzi alikuwa anapima. Alijua kitu kile kimeshafika, kinakula, kinakua na kuzoea mahali, kama alivyosema Jeremia mwenyewe kuhusu kambale. Hakuweza kukitoa mtoni. Hakuweza kuwatoa watu samaki midomoni, kwa sababu walikuwa na njaa na samaki alikuwa mtamu. Alichoweza ni kumsogeza Ester nyuma. Na mianzi ya kila nyumba aliikata akijua kabisa kwamba haitatosha.

Basi hayo ndiyo niliyoyakumbuka nikiwa kwenye kigoda, huku Neema akikunja mshipi wake.

"Mnavulia wapi huko Momba?" nikamwuliza.

"Pale darajani, Bibi. Pana kina."

"Watu hawashuki pale?"

"Wamama wanafua tu. Hawatusumbui."

Niliinuka. Nilichukua kopo lile nikaenda nalo chooni, nikalimimina shimoni, nikarudi na jembe dogo. Nyuma ya bafu letu udongo ni mweusi na laini, na nyungunyungu wa huko ni wanene. Neema alinifuata akiwa amekasirika, kisha akaona ninavyochimba, akachuchumaa kando yangu. Nilimjazia jani la mgomba. Nikalinusa, nikamkabidhi.

"Hao wamama wanaofua," nikamwambia, "unajua jina la hata mmoja?"

Alitikisa kichwa.

"Jumamosi uwaulize. Kabla hujatupa ndoana, uwaulize, kisha uje unitajie."