Kitanda cha Seremala Kwenye Jua

Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa kuwa tangu ujana wake alikuwa akiwapigia watu nguo pasi. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa mizaha isiyokwisha, mpaka kiharusi kilipompoozesha upande mmoja akawa wa kulala tu. Mama Pasi alimwogesha, akamlisha, akamgeuza, kisha akakimbilia pasi isije ikapoa.

Kunguni waliingia na kochi kuukuu alilopewa ili mgonjwa apate pa kuketi. Kufumba na kufumbua, wamejaa kitandani. Walimng'ata seremala upande ule usiohisi kitu, naye hana habari. Siku wifi alipokuja kumjulia hali kaka yake, alifunua shuka akaangua kilio.

"Wifi, kaka yangu analiwa mzima mzima?"

"Nimepuliza dawa mpaka nimechoka, wifi yangu."

"Basi nampeleka kwangu. Ukiwamaliza, njoo umchukue."

Mama Pasi akamfungashia mumewe nguo.

Kiangazi kilikuwa kimepamba moto. Alitoa godoro, mito na mablanketi uani, akavifunga ndani ya nailoni nyeusi, akaviweka kwenye saruji iliyounguza nyayo. Kunguni hukimbilia katikati ya godoro, kusikofika joto upesi, kwa hiyo kila jua lilipokuwa kali aliligeuza, siku baada ya siku. Kitanda alichokiunda mumewe walipooana alikifungua kipande kwa kipande. Viungo vilikuwa vimejaa mayai. Akavimwagia maji yanayochemka, akavianika, na nyufa za ukuta akaziziba.

"Mama Pasi, sasa unapiga pasi mpaka nyumba?" jirani akamtania.

Akacheka, mara ya kwanza tangu mumewe aondoke.

Mbao zilikuwa zimepinda kidogo, lakini alizigonga mpaka zikashikana. Akalala kitandani hapo peke yake hadi akawa na uhakika: shuka jeupe, hata tone la damu hakuna. Akavaa gauni lake zuri, akaenda kwa wifi.

Alimkuta mumewe barazani, amenawiri, watoto wa wifi wamemzunguka wakijishika mbavu kwa vicheko. Ulimi bado ulikuwa mzito, lakini mizaha ilikuwa imerudi.

"Wameisha, mume wangu. Twende nyumbani."

Seremala akainama. "Hapa kuna watu, mke wangu. Kule nilikuwa natazama dari tu. Wewe uko kazini."

"Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu. Ndiyo maana nilishindwa kukwambia." Machozi yakamlengalenga. "Niache hapa. Uwe unakuja kuniona."

Wifi akajitia kuwaita watoto ndani. Mama Pasi hakugomba. Alimnyoosha mumewe kola kwa kiganja, akakaa naye mpaka chai ikapoa mbele yao, kisha akaaga.

Siku hizi akipata nafasi humpelekea mashati yaliyonyooka. Nyumbani hulala upande ule ule wa ukutani aliouzoea, ingawa kitanda chote sasa ni chake.