Kisahani cha Kuwekea Jicho

Jiwe la Kunduchi likipasuka hutoa harufu ya kiberiti kilichozimwa punde, na harufu hiyo ndiyo iliyonilea. Watu wa mjini wanaijua Kunduchi ya hoteli za ufukweni na ya samaki wa asubuhi. Sisi tulikuwa upande wa pili wa barabara, Mtongani, kwenye machimbo, ambako mama zetu walikaa chini ya vivuli vya magunia wakigonga mawe yawe kokoto. Vumbi lilikuwa kwenye ugali, kwenye nywele, kwenye mashuka. Sauti ya nyundo ilianza asubuhi na mapema, kwanza moja, kisha nyingi, mpaka mtu akawa haisikii tena, kama asivyosikia mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Nayasema haya kichwa juu. Mimi Zuhura, binti wa mgonga kokoto, nina stashahada ya ufundi wa majokofu, na darasani kwetu nilikuwa mwanamke peke yangu. Nimefanya kazi Maskati, nimerudi na changu, nimejenga Tabata nyumba yenye vigae hadi uani, na hakuna mwanamume anayeweza kusema tofali hata moja ni lake. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nami nimegaagaa. Chumba cha baridi kilichowashinda mafundi wengine mimi nakipa nusu siku. Siogopi umeme, siogopi gesi, siogopi bosi. Lakini kuna kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tatu, ambacho kikinijia hadi leo natafuta kitu cha kushika.

Baada ya shule tuliwasaidia mama zetu. Kila mgongaji alikuwa na pete ya mpira aliyoikata kwenye tairi kuukuu. Jiwe liliwekwa katikati ya pete, likishikwa hapo, ili likipasuka lisirushe vipande. Pete yangu ilikuwa imekatika siku ile, nami nikaona uvivu kuomba nyingine. Nikagonga. Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia baridi ndani ya jicho la kulia, kama mtu amenipulizia. Halafu ndipo nikapiga kelele, na mama akaitupa nyundo yake.

Kwetu, kibanzi kikiingia jichoni hukimbizwi hospitali. Unapelekwa kwa Bi Mwanakombo. Alikuwa mwanamke mzima wa pale Mtongani, hana meno ya mbele, na kazi yake ilikuwa kulamba macho. Alisukutua kinywa kwa maji ya chumvi, akasoma Bismillahi, akanilaza mapajani, akalifungua jicho kwa vidole viwili na kupitisha ulimi wake taratibu kutoka pembe hadi pembe. Asidharau mtu. Wengi aliwatoa vibanzi kwa namna hiyo, akavitema kiganjani na kuwaonyesha. Mimi hakunitolea kitu. Kesho yake alijaribu tena. Jirani aliyekuwa akinyonyesha akanidondoshea maziwa. Jicho likazidi kuwa jekundu, kisha katikati yake pakaanza weupe, kidogo tu, kama punje ya wali. Mama alikuwa akiliziba jicho la kushoto kwa kiganja na kuniuliza naona nini. Nilikuwa namwona yeye kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia.

Ndipo likaja gari la macho. Lilipita na kipaza sauti, likitangaza kwamba madaktari wa macho ya watoto watakuwa uwanja wa shule, matibabu bure, mzazi asimfiche mtoto. Tangazo lile liliwatia kina mama hofu kuliko radi. Kila mtu pale machimboni alijua wanavyotibu: wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye kisahani, wanaliosha, wanalirudisha. Upepo ukivuma vumbi likaligusa likiwa nje, basi limekufa. Ilisemwa kuna mtoto Tegeta aliyerudishiwa lisilokuwa lake. Wavulana waliokuwa wakipakia malori walinizunguka. “Zuhura, wakikosea watakupa la mbuzi,” mmoja aliniambia. “Utaanza kula majani, mama yako apate nafuu ya ugali.” Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya lundo la kokoto, nikalishika jicho langu kwa mikono miwili lisije likatoka lenyewe. Sikuwa peke yangu huko. Kina mama walikuwa wamewaficha watoto wao wote huko, wenye matongo na wenye makengeza, na mdogo mmoja aliyekuwa akijigonga kwenye kila ukuta anapotembea.

Jioni Bi Mwanakombo alikuja kwetu mwenyewe. Alikataa kiti. Alimwambia mama, “Mwanangu, ulimi wangu umekifikia kile kibanzi, lakini kimejikita. Kila nikilamba nalitonesha. Mie sirudii tena.” Mama akamuuliza, sasa afanyeje. Yule bibi akajibu kwamba lisilobudi hutendwa, akaenda zake.  Mama alikaa akiutazama mlango muda mrefu, na mimi nikamtazama yeye, na kilichonitisha kuliko yote ni kumwona mama yangu, aliyepasua mawe kwa maisha yake yote, midomo ikimtetemeka.

Asubuhi alifungua sanduku lake la harusi. Ndani mlikuwa na vikombe na visahani vya maua ya dhahabu ambavyo havikuwahi kutumika, hata Idi. Akatoa kisahani kimoja, akakichemsha sufuriani, akakifunga kwenye kitambaa cheupe. Niliona yote hayo kwa jicho langu moja, nikaelewa. Nilishika mguu wa kitanda. Alinibandua kidole kimoja kimoja, bila kunipiga, bila kunifokea, huku akilia.

Uwanjani hapakuwa na foleni. Daktari kijana alikuwa amekaa na muuguzi mmoja mnene mwenye lafudhi ya bara. Mama akawaamkia, akakifungua kitambaa na kukiweka kisahani mezani.

“Mama, hicho cha nini?” muuguzi aliuliza.

“Cha kuwekea jicho. Nimekichemsha. Naomba mlioshee hapahapa mbele yangu, msiende nalo garini.”

Daktari aliinamisha uso. Nadhani alitaka kucheka. Muuguzi hakucheka. Alikichukua kisahani kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula cha mgeni. “Jicho halitolewi, mama. Likitoka ndiyo basi, hata sisi hatuwezi kulirudisha.”

“Ndivyo mnavyosema.”

“Haya, mshike wewe mwenyewe kichwa. Ukiona nimelitoa, nipige nacho hichi kisahani.”

Wakanitia matone ya ganzi. Kisha daktari akavaa miwani yenye taa, na nikaiona sindano ikija, ikiwa kubwa zaidi kila ilivyokaribia. Siwezi kuieleza hofu ile. Mikono ya mama ilikuwa kwenye mashavu yangu, migumu kama mbao, na nilimsikia akisoma Kul-huwallah bila kuvuta pumzi. Halafu daktari akasema tayari. Muuguzi akaweka juu ya yale maua ya dhahabu kitu cheusi kisichofika punje ya ulezi. Mama alikiinamia, akakitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena. Akakaa chini vumbini.

Jicho lilipona, lakini walisema tumechelewa, na kovu litabaki. Limebaki. Taa yoyote naiona ina ndevu. Mama alirudi machimboni na kile kibanzi kisahanini, akakipitisha kivuli kwa kivuli, na kabla ya adhuhuri watoto walianza kutolewa nyuma ya malundo.

Leo Mtongani pana kuta ndefu na mageti. Gari la macho bado linakuja shuleni pale, kwa watoto wenye sare safi ambao wazazi wao wana kliniki zao za kulipia. Wagongaji wamesukumwa ndani zaidi, mbali na lami, ambako kipaza sauti hakifiki. Mwezi uliopita nilikwenda huko kutafuta kokoto za ukuta wangu, na gari ni langu, nimelilipia. Nikamkuta mtoto wa kiume ana weupe jichoni. Nikamweleza mama yake kwa ufasaha wote nilionao kwamba mtoto aende kwa madaktari wa macho, nami nitawapeleka. Alinisikiliza kama ninavyowasikiliza mimi mafundi waongo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Dada, si wanalitoa?”

Nikavua miwani yangu ya jua, nikamsogezea uso. Akalitazama kovu, akalivuta kope la chini kwa kidole chenye vumbi, akaangalia mboni kama mtu anayechagua samaki.

“Hili ni lako?”

“Nimezaliwa nalo.”

Hakuonekana kuamini sana.  Kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akaniuliza nimeliegesha wapi gari.